Barua taka ikataliwe mlangoni, isifichwe kwenye folda

Msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, barua pepe ya mnunuzi ikitumbukia kwenye folda ya taka ni hasara ya kweli. Mnunuzi anaamini imesomwa, karani wa chama cha ushirika hana habari kama ilikuja. Ndiyo maana nashikilia kwamba seva ya ofisi, iwe Mtwara au Lindi, ikatae taka wakati seva ya nje bado iko hewani, kabla haijasema imepokea. Hapo seva iliyotuma ndiyo itakayomrudishia mtu wake taarifa, na mtumaji halali atajua mapema kwamba apige simu.

Mazungumzo ya SMTP, yaani lugha ambayo seva hupelekeana barua pepe, huanza na HELO au EHLO (salamu), kisha MAIL FROM (mtumaji), kisha RCPT TO (mpokeaji), halafu DATA, ambapo barua yenyewe humiminwa mpaka nukta iliyo peke yake kwenye mstari. Ukijibu 250 (nimepokea) baada ya nukta hiyo, barua imekuwa dhamana yako. Ukigeuka baadaye na kutuma taarifa ya kuikataa, itakwenda kwa anwani ambayo kwenye taka mara nyingi ni ya kughushi. Mtu asiyehusika anachafuliwa sanduku, na IP yako, yaani namba ya seva yako mtandaoni, inaweza kuingia orodha nyeusi ya watuma taka.

Kazi kubwa imalizwe kwenye RCPT TO, maana hapo viambatisho bado havijala bando. Anza na wapokeaji wasiokuwepo: Postfix, programu ya seva ya barua, huwakataa yenyewe, mradi hukuweka sanduku la kupokea kila anwani ya kikoa. Kama una seva ya akiba Dar es Salaam, nayo ipe orodha ya wapokeaji kwa relay_recipient_maps. Bila hiyo itapokea kila takataka, na watuma taka hupenda kupitia mlango huo.

Kisha orodha nyeusi. Hapa wengi huumia: wanauliza Spamhaus, watunzaji wa orodha za IP za taka, kupitia 8.8.8.8, seva ya Google ya DNS (huduma ya kutafuta majina ya mtandao) iliyo wazi kwa wote; Spamhaus inajibu 127.255.255.254, yaani swali limepita njia isiyoruhusiwa, na Postfix inalichukua jibu hilo kama ushahidi. Barua zote zinakataliwa, hata za benki. Sakinisha Unbound, programu ya kuuliza DNS bila kupitia Google, kwenye seva yenyewe, na uandike hivi, ili majibu ya 127.0.0.2 hadi 127.0.0.11 tu ndiyo yahesabiwe:

reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Juu ya mstari huo itangulie permit_sasl_authenticated, inayompitisha aliyeingia kwa nywila. Orodha ya zen ina IP za majumbani na za simu pia, kwa hiyo bila ruhusa hiyo mfanyakazi aliyeko Newala anayetuma kwa bando la simu atakataliwa na seva yake mwenyewe. Atumie poti 587 na nywila.

Ukaguzi wa maudhui ufanywe na Rspamd, programu inayoipa barua alama za utaka, kupitia smtpd_milters, inayokagua kabla ya jibu kutoka. Ukitumia content_filter umechelewa, 250 imeshatoka. Alama 15 za kukataa zinazokuja na Rspamd zinatosha. Kuzishusha hadi 8 ni kuwaonea watu. Penye shaka, au DNS isipojibu, toa 451 (kataa kwa muda) ili seva ya nje ijaribu tena, usitoe 550 (kataa kabisa).

Weka pia smtpd_reject_footer, maneno yanayofuata jibu la kukataa, yenye namba ya simu ya ofisi, kwa Kiswahili kinachosomeka. Na kabla ya kuwasha kanuni yoyote mpya, tanguliza warn_if_reject, inayoandika onyo tu bila kukataa, mbele yake kwa wiki nzima, huku ukisoma /var/log/mail.log kila asubuhi uone nani angekataliwa.