Mguu Uliomezwa na Kitabu

Kabla hujanicheka, naomba ujue kwamba kitabu changu kilikuwa hakijawahi kufunguliwa zaidi ya nusu. Kuna watu hufungua kitabu kama wanafungua geti, pwaa, halafu wanakandamiza kiganja katikati ili kilale. Mimi siyo wa hivyo. Changu ni kitabu kikubwa cha picha cha mashabiki wa Star Wars, zile filamu za vita vya anga, ile aina ya kamusi: kurasa pana kama sinia, roboti mzima kasimamishwa, na mishale imemzunguka pande zote ikikutajia hiki ni nini na kile ni nini. Nilikuwa nakifunua kidogo tu, kisha nachungulia ndani kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani. Nikimaliza nakifuta, nakirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, nakilaza chali. Dada yangu, ambaye naishi naye, alikuwa akisema kile kitabu kinaheshimiwa kuliko yeye, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Utamu wa vitabu hivi ni mgumu kumweleza mtu asiye na ugonjwa wetu. Filamu inakupita mbio, kitabu kinaisimamisha na kuihoji. Katika filamu yao ya 1980 kuna jamaa anakatiza koridoni mbio mbio amekumbatia mashine ya kutengenezea aiskrimu. Nasema mashine ya aiskrimu kabisa, ya kawaida. Anaonekana kufumba na kufumbua, keshapotea. Mashabiki wakamwona, wakamshupalia, mpaka akapewa jina, Willrow Hood, na mashine yake ikapandishwa cheo ikawa hifadhi ya siri za kompyuta. Upanga wa mwanga wa Luke, shujaa wa filamu, nao, mpini wake ulianza maisha kama mpini wa flashi ya kamera ya zamani ya Graflex. Watani zetu wa Star Trek, hadithi nyingine ya safari za anga, hawako nyuma. Mmoja wa waandishi wa mwongozo wao wa kiufundi wa 1991, Michael Okuda, aliulizwa kile kidude cha kusaidia kusafirisha watu kwa miale kinafanyaje kazi. Akajibu kwamba kinafanya kazi vizuri tu, ahsante. Mimi watu wa namna hiyo nawaamini kwa moyo wote.

Ndiyo maana ulipokaribia mkusanyiko wa mashabiki ambao kila mtu huja na vazi, niliamua kwenda kama C-3PO, yule roboti wa dhahabu mwenye wasiwasi mwingi na lugha zaidi ya milioni 6. Ila C-3PO wa kawaida wangekuja wengi. Mimi ningekuja kama C-3PO wa ukurasani. Nitengeneze vazi, halafu nijizungushie mishale ya kadibodi, kila mshale na maelezo yake kwa herufi kubwa. Kitabu kinachotembea. Wazo lilinijia saa 8 usiku, na nilishindwa kulala kwa kujipongeza.

Kazi ilichukua wiki 3. Plastiki nilikuwa nailainisha kwa draya ya nywele ya dada, naikunja kwenye paja langu mwenyewe ili ichukue umbo, naungua, napuliza. Tumboni, pale ambapo roboti yule ana nyaya wazi, nilishona nyaya halisi za rangirangi kutoka kwenye kompyuta iliyokufa. Kisha rangi ya dhahabu ya kupuliza, makopo kadhaa. Nyusi zangu zilikuwa za dhahabu kwa siku nne, na kazini nilisema ni dawa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Roboti wa kitabuni amesimama ukurasa wa kulia, ubavuni mwa mshono, pale kurasa mbili zinapokutana. Mguu wake wa kulia, kuanzia gotini kushuka, ulikuwa unazama mle kwenye mshono kama mtu aliyekanyaga mtaro. Maelezo yake yalianzia ukurasa wa kushoto, "Bamba la mguu, rangi ya", na neno la mwisho likazama pamoja na mshale. Halikuibuka.

"Mbona mguu huu siuoni?" dada akauliza. Yeye ndiye alikuwa ananishikia tochi.

"Umeingia kwenye mshono."

"Si ufungue kitabu vizuri?"

"Dada, kitavunjika mgongo."

"Kitabu kina mgongo gani, kwani punda?"

Nikamweleza kwa upole, kama mtaalamu anavyomweleza mgeni, kwamba mguu ni mguu. Kama wa kushoto ni wa dhahabu, wa kulia utakuwa wa nini, wa mbao? Akaniangalia, akazima tochi, akaenda zake. Mimi nikachukua makapeni, nikaandika kwenye mshale mkubwa kuliko yote: BAMBA LA MGUU, RANGI YA DHAHABU. Nikapigia mstari. Na kifuani nikabandika kichwa cha ukurasa, na mwaka wa filamu ya kwanza: C-3PO, KAMA ALIVYOONEKANA 1977.

Jambo ambalo kitabu hakisemi kwa sauti ya kutosha ni kwamba ndani ya vazi lile hukai. Nililazwa nyuma ya gari la rafiki yangu kama ubao wa dirisha, miguu imepita katikati ya viti, mishale imefungwa kamba pembeni. Njia nzima nilikuwa najifariji kwa habari za Anthony Daniels, mwigizaji mwenyewe. Mwaka 1976 wakiwa jangwani Tunisia, mara ya kwanza kuvaa vazi zima, plastiki ya mguuni ilipasuka ikamchoma. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilicheka. Hilo nalo liandikwe.

Kuingia kwangu ukumbini kulikuwa kwa fahari. Hatua fupi fupi, viwiko vimekunjwa, mishale 14 imechomoza kama miiba ya nungu. Watu wakageuka, simu zikatoka. Mshale wa SENSA YA MACHO ukanasa joho la jamaa aliyevaa kama Darth Vader, yule mbaya wa kofia nyeusi, aliyekuwa anajipitia, nami nisijue, nikamburuta kinyumenyume hatua sita hivi huku akisema "kaka, kaka, kaka" ndani ya ile kofia, na watu wakidhani ni mchezo tumepanga. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa heshima, kadiri shingo ilivyoruhusu.

Ndipo akatokea yule mtoto.

Msichana wa miaka tisa hivi, hana vazi lolote, ana kitabu. Kitabu kile kile changu! Ila chake kilikuwa kimepigika: jalada limeshikwa kwa selotepu, pembe zimeliwa, kurasa zimevimba kama kiliwahi kuoga. Akasimama mbele yangu akaanza kunisoma, mshale mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza, kama msimamizi wa mtihani. Akapita macho, akapita nyaya za tumbo, hapo akatikisa kichwa kukubali na mimi nikavimba. Akafika mguuni. Akarudi nyuma. Akafika tena.

"Anko, mguu umekosea."

"Haujakosea, mwanangu. C-3PO ni wa dhahabu."

"Mguu wa kulia siyo. Kuanzia chini ya goti ni wa fedha."

Nikacheka kile kicheko cha watu wazima cha kuomba msaada kwa waliosimama karibu. Hakuna aliyenisaidia. Mzee mmoja mwenye ndevu nyingi, aliyevaa kama fundi wa vyombo vya anga, alikuwa anatazama dari.

Mtoto hakubishana. Alipiga magoti, akaweka kitabu sakafuni, akakifungua kabisa, akapanda juu yake kwa goti. Kraaa. Sauti ile niliisikia kwenye uti wangu mwenyewe. Na mle ndani, mahali ambapo jicho langu halijawahi kufika, ukatokea mguu. Wa fedha. Unang'aa. Na mshale ukaibuka upande wa pili na neno lake kamili, limekaa pale miaka yote likinisubiri.

Kijasho chembamba kikaanza kunitiririka ndani ya plastiki, na kikianza humo hakina pa kutokea. Lakini shabiki wa kweli hafi bila kujitetea. Nikakumbuka filamu ya 2005.

"Ahaa! Mimi ni C-3PO wa 2005," nikasema. "Mle miguu yote ni ya dhahabu. Nenda kaangalie."

Alifikiri. Nikaona kweli anafikiri, nikaanza kupata nafuu. Kisha akanyoosha kidole kifuani kwangu, akasoma kwa sauti, polepole, ili hata walio nyuma wasikie: "Kama. Alivyoonekana. 1977."

Lugha milioni 6, na sikuwa na hata moja.

Mzee wa ndevu ndiye aliyenihurumia. Akaniambia nisijali, watu wengi sana wameangalia zile filamu miaka na miaka bila kuuona mguu ule. Chuma cha fedha kinaakisi kila kilicho karibu, mchanga wa jangwani na mguu mwenzake wa dhahabu, kwa hiyo jicho linadanganyika linaona rangi moja. Hata kisanamu cha kuchezea kilichouzwa 1978 kilitengenezwa cha dhahabu mwili mzima. Maneno mazuri. Ningeyapokea vizuri zaidi kama nisingekuwa nimening'iniza mshale wenye herufi kubwa kuutangaza mguu huo huo.

"Tunaweza kuurekebisha," mtoto akasema, na tayari mtu alikuwa ameshaleta karatasi ya foili. Mimi siwezi kuinama, kwa hiyo ikabidi nisimame mguu umetangulizwa mbele kama farasi anayepigiliwa kiatu cha chuma, huku yeye ananizungushia. Alikuwa mtoto makini. Alitaka isiwe na mikunjo. Akavuta. Akavuta tena, safari hii ameegemea nyuma kwa uzito wake wote.

Plastiki ikasema tak. Kipande kikali, kama cha upana wa kijiko, kikaniingia juu ya kifundo cha mguu.

Nilichopiga siyo kelele ya roboti. Niliruka kwa mguu mmoja, mshale wa KIFUA ukamnasa tena yule yule Darth Vader, maskini, alikuwa amekuja kuangalia kulikoni, na tukaenda chini wote wawili, yeye chini mimi juu. Yeye alijinasua. Mimi nilibaki chali, mikono imekunjwa, miguu juu, nayumba kidogo kushoto na kulia kama kobe, na kutoka pale chini nikaona kichwa cha yule mtoto kikinijia kwa juu.

Nikataka kulinda heshima kidogo iliyobaki. "Umeona?" nikamwambia kwa meno yaliyokazana. "Hata mwigizaji mwenyewe lilimpata hili hili, Tunisia."

"Ndiyo, anko," akasema. "Ila yeye ulikuwa mguu wa kushoto."

Nyumbani dada alinichomoa kwenye lile vazi kwa mkasi, akanisafisha kidonda, hakusema kitu. Alikohoa tu, mara moja, alipofika kwenye foili. Nikasubiri alale. Kisha nikakitoa kitabu kwenye nailoni, nikakiweka mezani, nikafumba macho, nikakikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka kikalia.

Ulikuwepo. Na kwa kuwa sasa mlango uko wazi, nikapitia kurasa zote mpaka alfajiri. Kwenye mishono mingine nilikuta vitu chungu nzima ambavyo sikuwahi kujua vipo: mkono wa pili wa kiumbe ambaye miaka yote nilidhani ana mkono mmoja, nusu ya injini, na rubani mzima, na kofia yake, amekaa kimya mle ndani.

Mgongo haukupona. Ukikiweka kitabu kile mezani sasa hivi, ukiondoa tu mkono, kinajifungua chenyewe, taratibu, pale pale kwenye mguu. Dada huwa anakiweka mezani wakija wageni.