Baba anayevuta nje ya mlango

"Mimi navuta nje." Muulize mzazi mvutaji kuhusu moshi na wanawe, mara nyingi atakujibu hivyo, na wengi hawasemi uongo. Watoto wakiwa ndani, anainuka, anatoka kibarazani, anavuta, anakanyaga kipisi, anarudi.

Wataalamu wa afya hawaridhiki na jibu hilo. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwenzio kisicho na madhara, kwa hiyo kwao dawa ni moja: acha. Hoja yao ni nzito. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na njia zake za hewa ni nyembamba. Pumu, nimonia na maambukizi ya masikio huwaandama zaidi watoto wa wavutaji.

Lakini kumwita mzazi huyu asiyejali ni kumwonea. Mwaka 2004 Johansson na wenzake, nchini Uswidi, walichapisha vipimo vya kotinini, yaani masalia ya nikotini kwenye mkojo, kwa watoto wa karibu miaka mitatu. Mtoto wa wasiovuta akihesabiwa moja, wale ambao wazazi wao walivutia ndani walifika kama kumi na tano. Wazazi waliosimama karibu na feni ya jikoni, watoto wao walizidi tatu; karibu na mlango ulio wazi, walizidi mbili. Waliotoka nje na kufunga mlango: mbili.

Mtaalamu ataikazia macho hiyo mbili na kusema bado ni maradufu, nje hakutoshi. Ni kweli. Mimi naitazama kumi na tano iliyoshuka hadi mbili kwa mkono wa mtu ambaye bado hajaacha sigara. Huyo amefanya kazi kubwa, nasi tunamsuta kama tunavyomsuta anayewashia sigara kitandani alipolala mtoto. Mwambie kwamba nje na ndani ni mamoja, halafu usubiri siku ya mvua uone atavutia wapi.

Anapokosea ni pale anapodhani moshi asiouona umekwisha. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho, na chumbani hukaa kwa saa kadhaa. Moshi mwingine huingia na mvutaji mwenyewe, umeshika shati, nywele na vidole. Tena mlango wa Uswidi umetengenezwa kuzuia baridi. Kwetu, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido katikati, mlango mchana kutwa ni pazia, juu ya ukuta kuna matundu ya hewa, na hiyo "nje" iko hatua mbili kutoka dirisha la wavu. Namba ya Uswidi haiwezi kuhamia Manzese, Dar es Salaam, ikabaki mbili ileile.

Kuna na hoja ya jikoni: "Mama yao anapika kwa mkaa, sigara yangu moja ni nini?" Si ya kuchekwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa nishati za kupikia majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ila kifua cha mtoto ni kimoja, na moshi wa baba unajumlishwa juu ya ule wa jiko.

Sheria haifiki huko nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uvutaji hadharani mwaka 2007. Uganda, mwaka 2015, iliongeza umbali wa mita 50 kutoka maeneo ya umma. Hakuna askari wa kuchungulia chumba cha mpangaji. Yanabaki maneno, na hayo huambiwa mama, kliniki, wakati mvutaji kwa kawaida ni baba. Mama anarudi na agizo la "asivute karibu na mtoto", bila kuambiwa karibu ni hatua ngapi. Aitwe baba mwenyewe, aambiwe: vuka uani mpaka mbali na madirisha, funga mlango nyuma yako, badili shati kabla ya kumpakata mwanao. Habari ya kuacha aambiwe hapohapo, baada ya kupongezwa kwa kutoka.