Falme Tisa na Mtoto Asiyetaka Kitu

Miradi ya kujitolea ya hadithi za watoto zenye ulimwengu wa kubuni inafanana. Watu watatu au wanne, aghalabu walimu, wanachuo na mchoraji mmoja, wanakubaliana kuwaandikia watoto wa miaka 8 hadi 12 hadithi ndefu ya Kiswahili, bure, kwa sehemu fupi zinazosambazwa kwa simu. Ramani inachorwa kwanza. Kuna falme tisa, kila moja na rangi yake, jiwe lake na mnyama wake, na kuna orodha ya wafalme waliotangulia. Sehemu ya kwanza inatoka na picha ya kupendeza, ya tano inachelewa, na kufikia ya kumi na mbili lile neno "itaendelea" limeshakuwa la adabu tu. Wakosoaji wanasema uandishi ni dhaifu na ulimwengu wenyewe haushikani. Watetezi wanajibu kwamba hii ni kazi ya kujitolea, watoto wanaipenda, na isitoshe ngano zetu hazijawahi kueleza kwa nini Sungura anazungumza.

Hoja hiyo ya ngano ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wenyewe huitaja kwa haraka mno. Ni kweli kwamba Fisi anaposa, Zimwi linaimba, na hakuna msikilizaji anayedai maelezo. Chukua hadithi ya Sultani Darai, mojawapo ya zile ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Maskini anayechakura jalalani anaokota themuni, sarafu ndogo ya zamani, ananunua paa, paa anasema. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, na kwa hila zake bwana yule anapata mke na jumba. Mnyama huyu alijifunzia wapi kusema? Hatuambiwi, wala hatuulizi.

Lakini tazama inavyokwisha. Paa anaugua, bwana anaagiza apewe uji wa mtama tu, hata kwenda kumtazama hataki. Paa anakufa, na tajiri yule anajikuta tena jalalani alikoanzia. Ngano haielezi, ila haisamehe deni hata moja. Kila kilichopatikana kimelipiwa, na asiyelipa ananyang'anywa. Mradi wa falme tisa mara nyingi hufanya kinyume chake: unaeleza kila kitu na haudai chochote. Fimbo ya nuru inamwokoa mtoto katika sehemu ya tatu, inasahaulika katika ya nne pale ambapo ingemaliza tatizo zima, kisha inarudi katika ya sita kwa sababu mwandishi amekwama. Kwa hiyo anayeitetea kazi ya namna hii kwa kutumia ngano ameshika shahidi ambaye, akihojiwa vizuri, atasema dhidi yake.

Tofauti ya pili ni ya mazingira ya usomaji. Fanani, yaani msimulizi wa ngano, yuko mbele ya hadhira. Anabadili sauti, anaimba, na akiona macho yamezubaa anaruka kipande. Hadithi inaanza na kwisha usiku uleule. Hadithi ya sehemu kwa sehemu inamfikia mtoto baada ya wiki nzima, kwenye simu ya mama yenye ufa wa kioo, na hakuna wa kumkumbusha nani alibaki kisimani. Kumbukumbu yote inabidi ibebwe na maandishi.

Sasa udhaifu wenyewe. Chanzo chake kikubwa, kwa maoni yetu, si ukosefu wa kipaji. Ni namna kazi inavyogawanywa. Ramani ni kazi inayogawika: huyu achukue kaskazini, yule milima, mwingine atunge majina ya miezi. Sura ya hadithi haigawiki, lazima mtu mmoja akae nayo usiku kucha. Na kwa kuwa hakuna anayelipwa, hakuna mwenye ubavu wa kumwambia mwenzake kwamba ufalme wake wa chini ya maji hauhitajiki. Hivyo ulimwengu unavimba kila kikao, na mtoto aliye katikati yake hatafuti kitu, hakosi kitu, hakimbizwi na mtu.

Shaaban Robert alikwishaonyesha njia nyingine katika riwaya yake Kusadikika. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, jambo lisilowezekana kabisa, na msomaji hasumbuki nalo. Majirani zake wanajulikana kwa sababu moja tu: wajumbe sita walitumwa pande sita, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, na kila aliyerudi na jema alitupwa gerezani. Karama, aliye kizimbani, anawataja kama sehemu ya utetezi wake. Kila upande wa dunia hiyo upo kwa sababu kesi inauhitaji. Kitabu hicho si cha watoto wadogo, lakini kanuni ni ileile: nchi ichorwe pale tu ambapo mtu ana shida ya kwenda.

Tuangalie sentensi moja. Tumeitunga kwa ajili ya makala hii, ila yeyote aliyewahi kuhariri kazi hizi ataitambua:

"Katika ulimwengu wa Zarathoria, ulioumbwa na Miungu Saba wa Nuru miaka elfu kumi iliyopita, kulikuwa na msichana jasiri aitwaye Kira ambaye alikuwa na macho yaliyong'aa kama nyota na ambaye hakujua kwamba ndani yake kulikuwa na nguvu kubwa sana."

Maneno 38, na msichana bado hajafanya lolote. Tunaambiwa ni jasiri kabla ya kuona la kumtisha. Siri yake ya nguvu imetobolewa kabla hatujaitamani. "Ambaye" mbili zimemfunga msomaji miguu. Na Zarathoria ni silabi tano ngeni: mtoto wa darasa la nne atasimama kila litakapotokea, na litatokea kila ukurasa. Ulimwengu uleule unaweza kuingia hivi:

"Kengele ya kufunga lango ililia mara ya pili. Kira bado alikuwa mtoni, na ndoo moja haikuwa imejaa. Ikilia ya tatu, aliye nje atalala nje."

Maneno 24. Tumepata mji wenye ukuta, sheria ya kengele tatu, kazi ya mtoto, na hofu ya kitu kisichotajwa kinachotembea usiku. Miungu Saba wasubiri, na huenda wasihitajike kabisa.

Lugha ya maongezi nayo ina ugonjwa wake. Mtoto wa miaka tisa anasema, "Ni wajibu wetu sote kuhakikisha amani inadumu," kama waziri anayefungua semina. Watu "wanazungusha macho" na "kupandisha nyusi moja," ishara zilizosafiri kutoka kwenye katuni zilizotafsiriwa, wakati mtoto wa hapa akichukia husonya, hubetua midomo, hununa au huitika "abee" kwa sauti inayomfanya mama ageuke. Kuna pia suala la upatanisho wa kisarufi ambalo waandishi wengi hulipita. Viumbe vya kubuni vinaingia ngeli gani? Ukurasa wa kwanza "joka lilitua," wa pili "joka alicheka." Yote mawili yanasemwa, na mwandishi makini anaweza kulitumia hilo: joka ni "li-" likiwa tishio, na siku linapomwokoa mtoto linageuka kuwa "a-" mpaka mwisho, bila kutangaza. Lakini iwe kwa kukusudia. Likirukaruka ovyo, msomaji mdogo anadhani kuna majoka mawili.

Hapa wakosoaji nao wapunguze kasi. Dawa wanayoiandika, yaani daftari la ulimwengu la kurasa hamsini lenye historia, sarafu, dini na nasaba, huongeza maradhi yaleyale. Kundi ambalo tayari linapenda ramani kuliko sura linapewa ruhusa rasmi ya kuchora ramani zaidi. Vilevile vipimo vyao vimetoka kwenye riwaya za watu wazima. Mtoto wa miaka minane hajali nani alitawala kabla ya nani. Anachokumbuka ni kwamba fimbo ilivunjika, na ataudhika ikionekana nzima. Ukosoaji wa haki upime uthabiti wa vitu vinavyogusa matukio, basi.

Hoja ya "ni bure" tungeipa nusu ya uzito inayodaiwa. Ni kweli kwamba vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa rika hili havitoshi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu ya uhaba huohuo, na uhaba wenyewe haujaisha. Kumkemea hadharani anayejaza pengo hilo jioni baada ya kazi ni njia ya haraka ya kumnyamazisha. Ila kazi ya bure inasambaa kuliko ya kuuzwa. Kwenye majukwaa ya leseni huria kama African Storybook, ambalo linatokana na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hadithi inaruhusiwa kunakiliwa, kubadilishwa na kutafsiriwa, kwa hiyo kasoro ya toleo la kwanza inahamia lugha nyingine pamoja na hadithi. Halafu hadithi za picha za wanaoanza kusoma zina sentensi chache kwa ukurasa, na picha inabeba mandhari yote. Mwandishi aliyefaulu huko hudhani ameshajua kujenga ulimwengu, kumbe ni mchoraji aliyemjengea. Akipanua hadithi hiyo kuwa sehemu thelathini zisizo na picha kila ukurasa, nyufa zote zinajitokeza.

Kuna njia rahisi ya kupata ulimwengu wenye sheria: chukua zilizokwisha kuwepo. Pwani inazo tele. Tuseme kuna kisiwa cha mawe kinachofikiwa kwa miguu wakati wa bamvua tu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa Unguja maji yake hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku majira husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Katikati ni maji mafu, bahari haikauki vya kutosha. Mwandishi hajatunga chochote, na tayari ana saa ya hadithi. Mtoto akikosa asubuhi hizo chache, anasubiri kama wiki mbili. Akichelewa kurudi, njia imezama, na haitafunguka mpaka maji yapwe tena usiku, gizani. Kupwa huku pia ni saa za shule, kwa hiyo kwenda kuna gharama ya pili, ya mwalimu. Mchawi, jini au mlango wa siri vikiwekwa juu ya msingi huo vitaaminika, kwa sababu kilicho chini yao ni imara. Msomaji wa Dodoma au Kigoma hajui bamvua, hivyo sheria ionyeshwe mara moja kwa tendo, maji yakimfika mtu magotini, kabla haijategemewa. Bara nako kuna sheria za namna hiyo: msimu wa kumbikumbi, zamu ya maji ya mfereji, gulio la kila wiki.

Kwa kundi linaloendelea kuandika, daftari la safu tatu linatosha: siku gani, nani ana nini mkononi, nani anajua nini. Mstari mmoja kwa kila sehemu. Sehemu 12 zinaenea ukurasa mmoja. Safu ya tatu ndiyo inayookoa zaidi, maana kosa la kawaida kuliko yote ni mhusika kuzungumzia siri ambayo hajaambiwa. Daftari lishikwe na mtu mmoja mwenye haki ya kukataa jambo linalopingana na lililokwisha tokea, lakini asiguse mtindo wa mwenzake. Safari ziandikwe kwa nusu siku: kama mtoni hadi mlimani ni siku tatu katika sehemu ya pili, haiwezekani kurudi kabla ya magharibi katika ya tano bila kipando, na kipando hicho tukione kikilishwa. Sehemu moja isizidi maneno 800 hivi, iwe na badiliko moja lisilorudishika.

Jaribio la bei nafuu kuliko yote ni kuwasomea watoto ambao si wako, bila kufafanua, na kusimama robo tatu ya njia. Uliza nini kitafuata, halafu uliza mhusika atapoteza nini akishindwa. La kwanza watajibu kwa kelele, watoto hawakosi kubahatisha. Wakinyamaza kwenye la pili, hakuna jiwe la rangi litakaloiponya sehemu hiyo. Na tafadhali, asisome mwandishi mwenyewe: sauti yake itaziba mashimo.

Sehemu zilizokwisha toka zisiandikwe upya kuanzia mwanzo. Miradi mingi hufia hapo, kwenye toleo jipya la sehemu ya kwanza ambalo ni la nne sasa. Rekebisha tu mgongano unaogusa tukio lijalo, na kama fimbo ilisahaulika katika sehemu ya nne, mpe mhusika sababu ya kuificha na mtu wa kumlaumu kwa hilo katika ya saba. Hapo kosa limegeuka kuwa deni, na deni ni hadithi. Kisha andika namba ya toleo na tarehe mwishoni mwa kila faili, maana nakala ya zamani itaendelea kuzunguka kwenye makundi ya wazazi miezi kadhaa baada ya kuirekebisha.