Lenzi ya Saadani na Maharage ya Mama Watoto

Mimi ni mpiga picha wa pasipoti na harusi hapa Bagamoyo, na kwa miaka yote hiyo lenzi yangu ya milimita 50 (milimita zikiwa nyingi, lenzi huvuta vya mbali zaidi) haijawahi kunitia aibu, kwa kuwa bibi harusi hukaa alipowekwa na mwenye pasipoti huamriwa asicheke. Balaa lilianza siku nilipokubali kufuatana na wageni kwenda Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, nikawapigie picha za wanyama. Tangu siku hiyo usingizi umenihama.

Kwanza niliijaribu hiyohiyo 50 ufukweni, nikamlenga yangeyange aliyesimama mbali kidogo kwenye matope. Pichani alionekana kama punje ya mchele iliyomwagika, na ikiwa ndege wa hapa nyumbani amenidharau hivyo, simba atanifanyaje?

Nikampigia simu kijana wa duka moja la Kariakoo, naye akanisifia lenzi ya milimita 150 hadi 600 yenye uzito wa kilo 2 hivi. Aliponitajia bei nilimwomba arudie, nikidhani tumeshahamia kwenye pikipiki. Isitoshe, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki kupita 6.3 (hapa namba ikiwa ndogo ndipo tundu huwa pana), ilhali simba hupenda kutoka alfajiri na magharibi, wakati mwanga wenyewe ni wa kuazima. Ukiongeza aiso, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ili kufidia, picha hujaa chengachenga kama uji wa dona uliokorogwa na mvivu. Ile ya 600 inayofunguka hadi 4 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili, lakini bei yake ni ya kiwanja, na kwa kiwanja mtu angalau hupata hati.

Wazee wa kahawa barazani nao hawakuniacha. Mmoja, mvuvi mstaafu ambaye hajapata kushika kamera, alikohoa akasema, "Mwanangu, mshipi mrefu haumvui samaki aliyelala chini ya ngalawa." Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli: lenzi hizi ndefu hushindwa kukitoa wazi bila ukungu kitu kilicho karibu sana, na twiga akiamua kusimama kando ya gari utarudi na picha ya goti. Kwa hiyo zinatakiwa lenzi mbili, na kwa kuwa kubadilisha lenzi ndani ya gari la wazi ni kulikaribisha vumbi juu ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha, zinatakiwa na kamera mbili. Hivi ndivyo mtu anavyofilisika kwa hatua za busara.

Mwishowe nikaazima lenzi ya 100 hadi 400 kwa mwenzangu wa Dar es Salaam. Nilipoimulika kwa tochi nikaona kuvu limetanda kiooni kama utando wa buibui, maana unyevu wa pwani hauchagui. Aliapa kwamba halionekani pichani, na ni kweli, mpaka uelekee jua, hapo kila kitu kikafifia kama kanga ya zamani. Nilimuuliza huihifadhi wapi, akanijibu bila haya kwamba huiweka kabatini, chini ya mashuka.

Likabaki tatizo la mkono, kwani kwenye milimita 400 kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, isishuke chini ya sehemu 1 ya 400 ya sekunde, la sivyo mtetemeko wa mkono utaharibu picha, na wangu hutetemeka hata ninapohesabu chenji. Nikashauriwa niegemeze lenzi dirishani juu ya mfuko wa maharage, nami nikashona wa kitenge, nikaujaza kilo 3 kutoka jikoni.

Alfajiri ya safari, dereva akiwa ameshapiga honi mara mbili, niliukuta mfuko umelegea na sufuria ya maharage ya nazi ikitokota jikoni.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia akinipakulia, "si ulisema haya maharage ni ya kutuliza mkono? Haya, kula utulie."