Angels Wananunua Majina, Mpira Anarusha Nani?

Jamaa zangu wa soka hunishangaa. Mechi za usiku za Los Angeles Angels, timu ya besiboli ya Marekani, kule Anaheim huanza hapa Dar kabla ya adhana ya alfajiri, nami naamka kuangalia timu ambayo tangu 2014 haijaonekana kwenye hatua ya mchujo. Hata mwaka huo wenyewe Kansas City Royals waliwapiga mechi tatu mfululizo, wakaenda zao.

Ingekuwa timu maskini ningenyamaza. Lakini pesa zinatoka! Desemba 2011 walimpa Albert Pujols, mtu wa kutimiza miaka 32 mwezi uliofuata, mkataba wa miaka kumi kwa dola milioni 240. Mwaka mmoja baadaye wakaja na Josh Hamilton, milioni 125. Mwaka 2015 alirudishwa Texas, huku Angels wakiendelea kubeba sehemu kubwa ya mshahara wake. Desemba 2019 ikawa zamu ya Anthony Rendon: miaka saba, milioni 245. Msimu kamili una mechi 162. Rendon hakuwahi kufikisha hata 60 katika msimu mmoja akiwa nao. Kuumia si kosa lake, simlaumu.

Ninaowalaumu ni walioshika kalamu. Wachezaji wote watatu ni wapigaji, wakati ugonjwa wa timu hii kila mtu anaujua: warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Majira yaleyale aliposajiliwa Rendon, Gerrit Cole alikuwa sokoni, mrushaji mzaliwa wa Kaunti ya Orange, palepale uwanja ulipo. Yankees wakamchukua kwa milioni 324. Ghali, ndiyo, lakini angalau wao walinunua walichokosa. Angels wakaja kukumbuka shuka kumekucha: mwaka 2021, kwenye uteuzi wa chipukizi, ambako timu hupokezana kuchagua vijana wapya, nafasi zao zote 20 walichukua warushaji. Zote 20!

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni Julai 2023.

Walikuwa na Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga kwa kiwango ambacho kizazi chetu hakijakiona. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Ungeweza kumuuza upate vijana wa kujengea timu. Wao wakamng'ang'ania, tena wakatoa vijana wao wawili, Edgar Quero na Ky Bush, ili wawapate warushaji Lucas Giolito na Reynaldo López kutoka White Sox. Agosti timu ikaporomoka. Mwezi haujaisha, uongozi huohuo ukawaachia Giolito na López ili kupunguza gharama, na Cleveland ikawabeba bila kutoa mchezaji hata mmoja. Desemba Ohtani akaenda Dodgers, majirani, kwa milioni 700. Angels wakaambulia nafasi moja ya ziada ya kuchagua chipukizi.

Wapo wanaosema bora walijaribu, mashabiki walistahili kuona timu inapigania nafasi. Nawaelewa, Julai ile hata mimi nilishangilia, sikatai. Lakini mimi ni shabiki, kazi yangu ni kushangilia. Wao wanalipwa kupiga hesabu.

Mwaka 2024 Dodgers walitwaa ubingwa. Angels walipoteza mechi 99, nyingi kuliko msimu wowote katika historia yao. Quero sasa ni mdakaji wa White Sox kwenye ligi kuu. Giolito aliwaanzia Angels mechi sita.