Ngoma Si Burudani ya Kumsubiria Mgeni Rasmi

Juzi nilialikwa kwenye hafla moja hapa Dar. Hema jeupe, viti vimevalishwa vitambaa, na mshereheshaji anatangaza: "Wakati tunamsubiri mgeni rasmi, tupate burudani kidogo ya ngoma za asili." Kidogo! Kikundi kikaingia, kikacheza juani, sisi wa kivulini tukainua simu. Msafara ulipotokeza getini, mpiga msondo, ile ngoma ndefu, akaonyeshwa mkono anyamaze. Akanyamaza, wimbo ukiwa mdomoni mwa akina mama. Hakuna aliyeona ajabu.

Mimi nilikereka mpaka pilau ikanishinda.

Nani alituambia ngoma ni kitu cha kutazamwa? Kule Newala na Masasi, sindimba, ngoma ya Wamakonde, ilichezwa na watu wenye furaha zao, watoto wametoka jandoni na unyagoni, na ukifika shereheni unaingia. Hapakuwa na viti vya mbele. Sisi tukaichukua, tukaipanga mistari, tukaifupisha ili isimchoshe mkubwa, tukaiita utamaduni wa taifa. Mwaka 1962, Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba wasomi wetu wanajua rumba na chachacha, lakini ngoma kama Gombe Sugu, Kiduo na Lelemama wengine hata hawajazisikia. Basi tukapata kikundi cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Haya, sitaki ugomvi na Bagamoyo. Waliopita pale wamezihifadhi ngoma ambazo vinginevyo tungezika pamoja na wazee. Ila tukishapata wataalamu, sisi wengine tunajiona tumesamehewa. Wacheze wao, tupige makofi.

Ndiyo maana nawasumbua watu kila siku na habari za darasa letu la ngoma kule Mbagala. Darasa lenyewe ni ua wa nyumba ya mtu. Mwalimu ni bibi mmoja wa Kimakonde, na wanafunzi ni mchanganyiko usioelezeka: mama lishe, kijana wa bodaboda, mwalimu wa sekondari, Mchaga mmoja mwenye kiuno cha mbao. Hakuna anayeulizwa kabila. Unaamkia, unafunga kibwebwe, unaingia. Mwenye elfu mbili anatoa, asiye nayo anateka maji.

Kabla hatujaanza, vijana huwasha karatasi na makuti, ngoma zikaelekezwa motoni ngozi ikaze. Mpigaji anagonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anagonga tena. Hapo hakuna wa kumharakisha. Halafu chapuo, ile ngoma ndogo, inaanza, na yule Mchaga wetu naye anaanza: moja, mbili, tatu, nne. Bibi akamshika mabega. "Mwanangu, unahesabu nini, unadaiwa? Kunja goti. Sikiliza chapuo, itakwambia lini ugeuke." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini ndivyo ilivyo: mpigaji akibadilisha mkono, mguu unabadilika, na anayehesabu anabaki nyuma peke yake. Hilo ukiwa kitini hulijui hata utazame miaka kumi. Masikio hayajifunzi mpaka miguu iaibike kwanza.

Wazee wanaosema ya unyagoni yabaki unyagoni wana hoja, nakubali shingo upande. Zipo nyimbo ambazo Bibi hazileti uani hata umbembeleze vipi, na hatumlazimishi. Lakini Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar, Mungu amrehemu, alikuwa somo, yaani mwalimu, wa unyago na bado akaifikisha ngoma ile kwenye majukwaa ya Ulaya. Wenye siri wenyewe wanajua wapi pa kufungua na wapi pa kufunga. Tuwaachie.

Wanaonichosha ni wa "uhuni ule, viuno vile." Wengine nawajua kwa sura. Wanalipia zumba kwenye jimu zenye viyoyozi, wanakata viuno mbele ya kioo na suruali za kubana, wanapakia video, na hayo ni mazoezi kwa ajili ya afya. Kiuno kilekile, khanga juu yake na msondo nyuma yake, kinakuwa cha kishamba. Afya gani hiyo inayobagua ngoma?

Kuna aliyeniuliza kama tunatoa cheti. Hatutoi.

Na wanaosema ngoma ni ya shetani, njooni mbishane na Bibi mwenyewe, ila mumuwahi. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, na kabla ya magharibi anatufukuza wote ili akatie udhu. Njooni na khanga. Wanaume pia, na msiniambie mmesahau nyumbani, ziko za kuazima.