Mkataba Nilisoma, Hazina Sijaiona

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya jeneza na koleo, ngoja niseme mwenyewe. Habari anayoisambaza yule rafiki yangu (unajijua), eti nililia nilipokuwa namsomea fundi mkataba wa ujenzi wa shangazi, imejaa chumvi. Sikulia. Macho yalitoka jasho tu.

Si mnajua shangazi anajenga vyumba sita vya kupangisha hapa Makorora, Tanga? Fundi wa mtaani, mchanga wa kununua kwa tripu, pesa ya kibati, yaani upatu. Mwenye akili angeandika karatasi mbili, yakaisha. Akitaka makubwa, Baraza la Taifa la Ujenzi lina fomu yake ya majengo. Lakini mkadiriaji majenzi wa ukoo, yule wa hesabu za gharama na mikataba ya ujenzi, ni nani? Si mie! Nikabeba mkataba wa kimataifa wa ujenzi wa FIDIC, Kitabu Chekundu cha 1999, kile cha mabarabara na mabwawa. Nikabadilisha majina na kiasi cha pesa, basi. Yale masharti mahususi, ambako ndiko unakata na kuongeza mpaka mkataba ufanane na kazi yako, niliyaacha meupe pee. Coastal Union, timu yetu ya mpira, walikuwa wanacheza.

Jumapili, barazani kwa shangazi. Kahawa, kashata, majirani wamejaa kama kuna posa. Fundi, mtu mzima, akasema: "Mwanangu, mie Kiingereza sikijui. Nisomee kwa Kiswahili, popote upatakapo."

Nikafunua katikati kwa mbwembwe. Nikaangukia kifungu cha 4.24.

"Masalia ya kale," nikaanza. Nikaona nyuso hazijaelewa. Nikarahisisha: "Yaani mifupa."

Kikombe kimoja kikarudi kwenye sinia.

"Mifupa, sarafu na vitu vya thamani vitakavyokutwa kiwanjani..." Hapa, ndugu zangu, ningeweza kukohoa. Ningejifanya simu inaita. Wapi! Nikaendelea, tena kwa sauti ya khatibu: "...vitakuwa chini ya uangalizi na mamlaka ya Mwajiri."

Kimya. Nilisikia kashata ikivunjika mdomoni mwa mtu.

"Mwajiri ndo nani?" fundi akauliza, taratibu.

Nikamwonesha shangazi. Shangazi akajifunga khanga upya.

"Ahaa. Kwa hiyo Bi Mkubwa anajua kilichoko chini."

Watu wa Tanga hamhitaji maelezo. Huku ukichimba shimo la choo likaenda chini kidogo, unaulizwa ramani ya hazina aliyoifukia Mjerumani umeipata wapi. Mzee mmoja akakumbushia vita vya 1914. Mwingine akazitaja rupia za dhahabu zilizopigwa Tabora 1916, macho yako kwenye miguu yangu kana kwamba nimezikanyagia. Kijana wa bodaboda akamalizia: "Hata mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, alianza hivihivi, mifupa tu. Leo yuko Berlin."

(Kifungu chenyewe kina maana yake, jamani. Mkandarasi akikuta vitu vya kale kazi ikachelewa, anadai kuongezwa muda na kulipwa gharama. Hiyo sehemu tamu sikuifikia.)

Nikataka kuokoa jahazi. Nikasema msiwe na wasiwasi, kuna kifungu cha migogoro. Nikafunua 20.6: mkishindwana kabisa, usuluhishi kwa kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara.

"Ipo barabara ya ngapi hiyo?"

"Makao makuu yake... Paris."

Fundi akafunika kalamu. Kile kifuniko kililia tik, nakisikia mpaka leo. "Mjusi Berlin, mie Paris. Nauli anatoa nani?"

Baraza zima likaanguka kicheko, shangazi wa kwanza. Mtu wangu wa damu!

Jumatatu kiwanjani tukakuta mashimo manne yasiyokuwemo kwenye ramani. Nimeandika mkataba mpya, karatasi mbili, Kiswahili, ugomvi kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi kasaini, ila kaongeza kwa mkono wake: "Kikionekana kitu, nusu kwa nusu."

Shangazi naye kasaini. Ila tangu siku hiyo kila magharibi yuko kiwanjani na tochi. Anasema anakagua msingi.